UZI: Raha na karaha za kuishi na Altezza ya gia sita za mkono hapa Dar

Gia Sita:
Wakuu habari za Jumapili. Juzi kwenye uzi wa Toyota Crown kuna jamaa aliniuliza hivi mtu mwenye akili zake timamu anaanzaje kununua gari ya manyuali, ya gia za mkono, zama hizi halafu akaishi nayo Dar, tena Ubungo, tena saa kumi na moja jioni. Nikaanza kumjibu palepale, nikaona jibu linataka kuwa refu kuliko uzi wa mwenyewe, nikasema isiwe tabu ngoja nimfungulie wa kwake. Ni mrefu, kaeni mkao wa kula. Wenye Crown mnakaribishwa ila msianze na "inakula mafuta", huko tutafika.

Gari yenyewe ni Toyota Altezza RS200 ya 1999, namba C. Najua mmeshaanza kucheka. Altezza bongo ina jina baya, gari ya dogo aliyeuza shamba la urithi, rimu kubwa, egzosi inapiga kelele mpaka kuku wanahama mtaa. Ila hizo mnazokutana nazo barabarani nyingi ni oto, zinazojipangia gia zenyewe, na nyingine ni AS200 yenye ile injini ya 1G ya silinda sita, gari laini tu ya kwendea kwenye sendofu. Hii ni kitu kingine. RS200 ina injini ya 3S-GE, ile Toyota waliyoiita BEAMS, silinda nne, cc 1998, kichwa cha injini Toyota walishirikiana na Yamaha. Ukichukua ya manyuali unapewa farasi 210, ya oto unapewa 200. Hizo kumi mi huwa nazihesabu kama faini waliyopigwa watu wa oto.

Sasa hizo farasi hazikai chini. Zipo kule juu, 7,600 kwenye mshale wa mizunguko ya injini kwa dakika. Chini ya 4,000 ni gari ya mwalimu mkuu anakwenda kikao cha kata, haina habari na mtu. Kwahiyo injini ya namna hii bila gia ya mkono ni kama umenunua nusu, maana ni wewe unayetakiwa kuipeleka pale inapoanza kuimba na kuibakiza hapohapo, ukichelewa kupangua gia inakunyamazia tu, inakuacha na aibu yako.

Mimi kuendesha nilifundishwa na marehemu baba kwenye Land Rover 109, Korogwe, kwenye zile barabara za katikati ya mkonge. Siku ya kwanza hakuniruhusu kugusa mafuta kabisa, ni klachi peke yake. Alikuwa ananiambia achia taratibu mpaka usikie gari inashtuka kama mtu aliyeguswa bega usingizini, hapo ndo pa kusimamia. Nimekaa wiki nzima naishtua Land Rover ya watu bila kuondoka. Nilimchukia sana mzee kipindi kile. Ila mpaka leo nikiingia kwenye gari ya mtu mwingine ya manyuali, kitu cha kwanza nakitafuta ni hicho, inashtukia wapi. Kila gari ina pake. Ya Altezza yangu iko juu kidogo, na unaisikia kwenye kiti kabla hujaisikia mguuni.

Naendelea, msijibu kwanza.

Gia Sita:
Nilivyoipata. Ilikuwa Tegeta, chini ya mwembe, miaka miwili haijasogea, majani yamejaa mpaka kwenye chemba ya wipa. Mwenyewe klachi ilimfia akaona bora aiuze, wateja wakawa wanakuja, wakiona pedali tatu wanamwambia "bosi tutarudi". Nikaichukua kwa bei ya bodaboda mbili na nusu. Wife hakuniongelesha siku mbili. Siku ya tatu akaniuliza "na kiti cha mtoto kinakaa?" nikajua nimesamehewa, maana ni milango minne ile, hiyo ndo siri ya Altezza, unamiliki gari ya spoti huku familia inajua una gari ya saluni ya kawaida.

Gereji ya kwanza (sitaitaja) fundi akaiangalia, akaniambia kwa huruma kabisa, "kaka nikutolee hii takataka nikuwekee giaboksi ya oto, upumzike." Aisee niliumia kama ameniambia nimkate mbwa miguu ili asinisumbue kumtembeza. Nikamwambia hapana, fungua klachi. Kufungua, klachi pleti imeisha imefika kwenye riveti, presha pleti imeungua mpaka imekuwa bluu, na rilisi beringi (ile inayosukuma klachi iachie) ndo iliyokuwa inalia kama panya kila ukikanyaga. Flaiwili, lile gurudumu la injini ambalo klachi inabana, tukaipeleka mtaa wa Gerezani ikakerezwa. Kurudisha sasa ndo vituko. Wamefunga pleti imekaa upande, shafti ya giaboksi haipati tundu lake, vijana wakaanza kuivuta giaboksi kwa kukaza bolti. Nikawasimamisha. Mnaojua mnajua, pale unapasua mfuniko wa giaboksi unabaki unalia.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja wa Ilala. Kaja na kipande cha shafti cha giaboksi nyingine iliyokufa, kakichomeka katikati ya pleti, kakisawazisha kwa macho huku anaongea na simu, akakaza presha pleti msalaba msalaba, akachomoa. Giaboksi ikaingia kama mkono unaingia mfukoni. Dakika kumi hazikufika. Siku ile ndo niliamini gari hii itakaa.

Haya ruksa.

Mfalme wa Foleni:
Mkuu mi ndo yule wa uzi wa Crown 😂 asante kwa heshima. Ila hujajibu swali, GOTI je? Kimara mpaka Posta mguu wa kushoto unapandisha na kushusha mara ngapi? Na pili, oto za siku hizi zinapangua gia haraka kuliko binadamu yeyote, sa hiyo raha ya kuchelewa ni ipi?

Gia Sita:
Mfalme, goti linauma, sikudanganyi. Kuna siku bonde la Jangwani limejaa maji tumekaa masaa matatu, nilifika nyumbani nachechemea kama nimetoka kucheza ndondo. Nilichojifunza ni kuacha kufukuza bampa la mbele. Niache nafasi, gia ya kwanza, mguu nje ya klachi, gari ijitembelee yenyewe bila mafuta. Bodaboda wanachomekea, wachomekee tu. Na ukisimama umekanyaga klachi dakika nzima ndo unaua rilisi beringi, weka nyutro vuta hendibreki.

La pili umesema kweli, sibishani. Oto ya sasa inanishinda mchana kweupe. Ila si kila mtu anataka kushinda. Porsche mwaka 2013 walitoa 911 GT3 ya oto tupu, na kweli ilikuwa na kasi kuliko ya mkono, wateja wao wenyewe wakanuna, 2017 wakarudisha pedali ya tatu. Toyota naye 2019 kaileta Supra mpya bila manyuali, watu wakapiga kelele mpaka 2022 akaiongezea manyuali. Hawa sio watu waliokosa hela ya kununua oto mkuu. Wanataka kazi. Ni kama mtu anayepika pilau mwenyewe wakati kwa mama ntilie lipo tena tamu, utamwambia anapoteza muda?

Mama RunX Tanga:
Nimepita nikaona nitie neno maana hizi nyuzi huwa mnadhani ni za wanaume tu. Mimi nina Toyota RunX, ile Z yenye injini ya 2ZZ, farasi 190, gia sita mkono. Ukiitazama ni RunX kama ya mwalimu yeyote, watu wananipigia honi niwapishe. Mshale ukifika elfu sita na kitu ile kamu ya pili, inayofungua valvu zaidi, inashika, sauti inabadilika ghafla kama mtu amefungua mlango wa disko. Mume wangu mara ya kwanza alidhani kitu kimekatika.

Raha yangu mie ni pale kuosha magari. Vijana wanakuja na mbwembwe "mama tuachie ufunguo tukusogezee." Nawaachia. Nakaa kwenye benchi na soda yangu. Inazima. Inawashwa, inaruka kama chura, inazima. Wanaitana, anakuja mkubwa wao naye inamzimikia. Mwisho wanakuja "samahani mama." Nasogeza mwenyewe kwa mkono mmoja. Soda sijamaliza.

Na wote hao wana leseni, na wengi walifundishwa kwenye gari ya gia. Siku wamepata leseni ndo siku ya mwisho kugusa klachi.

Kapombe Mstaafu:
@Mama RunX hapo kwenye kusogeza kwa mkono mmoja umenimaliza 🤣🤣 nafuatilia uzi huu, nimeweka kiti.

Msee wa Mai Mahiu:
Wadau wa TZ mko na bahati sana. Huku kwetu gari ikizidi miaka nane haiingii port ya Mombasa, kwa hivyo hizi Altezza na hizo Subaru Impreza GC8 zetu ni zile ziliingia zamani, hazizidi ni kupungua tu. Mwenye iko na manual haiuzi, na akiuza anauzia rafiki. Yangu ni Impreza WRX, five speed. Mimi raha yangu si hata kupanda, ni kushuka. Escarpment ya Mai Mahiu, ule mteremko mkali, uko nyuma ya lori, mwenye oto anakanyaga breki mpaka zinanuka, mimi niko gia ya pili injini yenyewe inashikilia gari, mguu umepumzika. Hiyo control hakuna mtu atanieleza ni ushamba.

Mzee Kabureta:
Nyie watoto mnaongelea Altezza. Gari ya spoti ya gia iliyotutoa machozi sisi ni Datsun 240Z. Milango miwili, injini ya lita 2.4 silinda sita, boneti refu kama mtumbwi, ukiiona unasema hii ni ya lami tu, ya kupelekea mchumba ufukweni. Ikaja kwenye mbio za magari za East African Safari ikashinda 1971, ikarudi 1973 ikashinda tena na Shekhar Mehta, kijana mzaliwa wa Uganda. Hiyo ya 1973 alilingana pointi na Harry Källström aliyekuwa na Datsun nyingine, Mehta akapewa kwa sababu ndiye aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kupata pointi ya kwanza ya adhabu. Kwenye tope lile! Hakuna usukani wa pawa, hakuna kompyuta, ni mkono na gia. Mnaposema gari ya spoti haiwezi barabara zetu mimi huwa nawatazama tu.

Gia Sita:
Mzee Kabureta shikamoo. Hiyo ya kulingana pointi sikuijua, asante sana. Ila mzee na wewe ukubali matuta ya siku hizi 240Z ingelia.

Sasa kabla hamjanipeleka kwingine niwape ile safari, maana ndo sababu ya uzi.

Mwaka jana mwezi wa nane niliamua kwenda Lushoto peke yangu, kisingizio ni kumuona shangazi. Nimetoka Dar saa kumi alfajiri, Chalinze, Segera, Korogwe, mpaka hapo ni gia ya sita na nidhamu, 50 kila kijiji maana jamaa wa tochi wanakaa nyuma ya kila mbuyu. Nikakunja Mombo. Pale Mombo joto kali, muuza machungwa anajipepea na boksi, na mbele yako kuna ukuta wa milima ya Usambara na lami inaingia humo kama mtu aliyeangusha kamba. Kilometa thelathini na kitu mpaka Lushoto, sijui kama kuna mia tano zilizonyooka.

Nikafungua vioo vyote, nikazima redio.

Kona zile zinakuja mfululizo, jabali upande mmoja, korongo upande mwingine, na hujui kona ijayo kuna Fuso la kabichi linashuka au mtoto wa shule. Kwahiyo hukimbii. Unakuja na gia ya tatu, 60 hivi, mshale uko kama 3,300. Kona imebana, unataka ya pili. Sasa ukirudisha ya pili kwa spidi ileile injini inatakiwa iwe kama 4,800, na ukiachia klachi hivihivi magurudumu ya nyuma ndo yanalazimika kuivuta injini ipande, gari inarusha kichwa kama mbuzi kavutwa kamba. Dawa yake ni miguu miwili kufanya kazi ya mitatu. Dole gumba la mguu wa kulia liko kwenye breki, linabonyeza bila kubadilika, klachi chini, halafu ubavu wa mguu huohuo unagonga mafuta mara moja, PAH, mshale unaruka, mkono wa kushoto unaivuta gia chini, klachi inaachiwa. Ukipatia husikii kitu. Hamna mshtuko kabisa, gari inakuwa tu imeshaingia gia ya pili na inakusubiri.

Nilikosea kama mara ishirini. Mara ya kwanza nilipopatia ni kona moja kabla ya kufika Soni, nikapiga kelele mwenyewe ndani ya gari. Kuna mama alikuwa pembeni na ndoo ya matunda kichwani akageuka akanitazama kama kichaa. Baada ya hapo nikapatia tatu mfululizo, nikajiona fundi, ya nne nikakosa gia kabisa, grrrrr, ikalia kama sufuria linaburuzwa. Gari hii ina tabia hiyo, ukianza kujisifu inakukumbusha.

Soni nikasimama karibu na maporomoko, nikainua boneti bila sababu yoyote ya maana, nataka tu nisikie ile tik tik tik ya chuma kinapoa. Mikono inatetemeka kidogo. Muda wote ule sikugusa hata 70. Sasa Mfalme nikuulize, Crown yako yenye 2.5, raha kama ile unaipata kwenye spidi gani? Si lazima ufike 160 ndo uanze kusikia kitu? Na ukifika 160 si uko mikononi mwa trafiki, au mbaya zaidi.

Shangazi alinikuta nje anasema "mbona unacheka peke yako."

Mfalme wa Foleni:
Aisee. Sina cha kusema hapo kwenye spidi, umenipiga. Crown 60 ni kama uko sebuleni, unaweza kulala.

Mafuta je.

Gia Sita:
😂 nilijua. Mjini lita moja inanipa kilometa nane nikiwa na adabu, safari kumi na mbili. Nikiwa sina adabu sihesabu.

Na kwa wanaotaka kununua, nisiwadanganye kwa stori za milimani. Gia ya pili asubuhi inagoma, mpaka oili ya giaboksi ipate moto usiilazimishe, pitia nyutro ihesabu moja halafu ingiza. Weka 75W-90 nzuri, usiwekewe ile ya kupima kwenye chupa ya maji. Angalia masta silinda (pampu) ya klachi, ukiona pedali inazama taratibu ukiikanyagia kwenye taa nyekundu, raba imekwisha, usisubiri. Taimingi belti ni kila kilometa 100,000, na kwa kuwa hamjui aliyekuuzia alifanya nini, badilisha siku ya kwanza hata akiapa kwa mama yake. Ukienda kuikagua weka gia ya nne kwenye spidi ndogo, kanyaga mafuta yote, mshale ukipanda na gari haipandi, klachi imekwisha, shusha bei. Na kama rimu zimechorwa chorwa na kuna stika ya drifti kwenye kioo cha nyuma, kimbia.

Kapombe Mstaafu:
Betri ikifa je? Maana nasikia manyuali unasukuma tu.

Mama RunX Tanga:
Inawaka vizuri tu, ili mradi betri haijafa kabisa. Swichi oni, gia ya pili, klachi chini, wasukume watu wawili, ikipata mwendo achia klachi ghafla ukanyage tena. Mimi niliwahi kuiwasha peke yangu kwenye mteremko Raskazone nikiwa na dera. Oto ukiisukuma utafika nayo gereji kwa miguu.

Msee wa Mai Mahiu:
Na dera 😭 heshima mama.

Kapombe Mstaafu:
Gia Sita mimi nina miaka 41 na sijawahi kuendesha manyuali tangu nitoke driving 2004. Sitaki kununua, nataka tu kujua huko kushtuka mnakosema kukoje. Naweza kuja siku moja unipe hata dakika kumi?

Gia Sita:
Njoo. Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, Bunju, tunaelekea zetu Bagamoyo kabla malori hayajaamka. Nusu saa ya kwanza hugusi mafuta, ni klachi tu. Na uvae viatu vya soli nyembamba, ukija na buti nakurudisha nyumbani.